Injini Inapozimika Angani

Tumezoea kuziona ndege ndogo zikiruka Haydom. Je, injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, rubani afanyeje? Wengi wetu tutajibu: ageuze, arudi kiwanjani. La! Hufundishwa kuinamisha pua ya ndege upesi ili mwendo usipotee, kisha atue mbele yake. Akigeuka angali chini na mwendo umepungua, mabawa hushindwa kubeba, ndege huporomoka. Tena Haydom iko mita 1,700 hivi juu ya bahari: hewa ni nyepesi, injini haitoi nguvu zake zote. Basi uwanda ulio mbele ya kiwanja ndio kimbilio lake. Tusijenge pale, wala tusifunge ng'ombe.