"Chlorpro..." Halafu Nini?

Kama unaenda field famasi, shika hili nililofundishwa Kibaha: cheti kisiposomeka, usikisie kwa herufi za mwanzo. "Chlorpro" yenye mkia wa mkwaruzo ni chlorpropamide, dawa ya zamani ya kisukari, au chlorpromazine ya magonjwa ya akili? Miligramu 250 inaelekeza kwenye kisukari. Miligramu 100 haikusaidii, vidonge vya aina zote mbili vipo. Tafuta "tds", mara tatu kwa siku. Ya kisukari humezwa mara moja. Kisha muulize mgonjwa anatibiwa nini, maana asiye na kisukari akiimeza, sukari inashuka hadi anazimia. Bado? Mpigie daktari wewe mwenyewe. Mama kaandikiwa Kisarawe, dawa kaifuata Kibaha. Nauli ya kurudi kuuliza aitoe wapi? Kwangu, simu isipopokelewa, dawa haitoki dirishani.