Hajiri Jangwani na Mama Aleaye Peke Yake

Somo: Mwanzo 16:1–14 na 21:8–21



Katika sharika zetu wamo akina mama waleao watoto pasipo mume. Wengine wamefiwa, wengine wameachwa, wengine walipata mimba wangali nyumbani kwa baba zao. Hawa wa mwisho ndio wasemwao sana kisimani na sokoni. Kanisani huketi karibu na mlango, wapate kutoka kabla watu hawajaamkiana.

1. Aibu ya wengi juu ya mmoja. Hajiri hakujichagulia. Sarai ndiye aliyemtoa, Abramu ndiye aliyemtwaa. Lakini aliyekimbilia jangwani ni yeye peke yake. Hata leo binti huitwa mbele ya wazee na kuzuiliwa Meza ya Bwana, naye mwanamume huimba kwaya Jumapili ile ile, kwa kuwa mwili wake hauonyeshi neno. Maonyo yamwangukiayo mmoja katika wawili si maonyo ya Kanisa, ni upendeleo. Tena wako waliotendwa kwa nguvu. Hao wasidaiwe toba, wafarijiwe.

2. Mungu alimwita kwa jina. Katika sura ya 16 Sarai na Abramu wamtaja kama mjakazi tu. Wa kwanza kutamka jina lake ni malaika wa Bwana, naye amwuliza atokako na aendako. Sisi huuliza, “Mimba ni ya nani?” kisha tumemaliza. Mwalimu, ukiingia nyumba ya mama wa namna hii, uliza kama malaika, kisha nyamaza usikilize.

3. Mungu alimwonyesha kisima. Maji yalipokwisha katika kiriba, Mungu hakumpa Hajiri maneno matupu. Alimfumbua macho, akaona maji. Nasi tuna visima vya kuonyesha:

Ubatizo. Mtoto hakuchagua jinsi ya kuzaliwa kwake. Ubatizo ni neema, si tuzo ya ndoa ya wazazi. Asicheleweshwe.

Shule. Hapo kwanza binti mwenye mimba alifukuzwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu arudi baada ya kujifungua. Wazazi wengi hawajui, au waona haya. Mwalimu aende nao kwa mkuu wa shule.

Sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mama njia ya kuomba mahakamani ili baba amtunze mtoto, ijapokuwa hawakuoana. Mzee mmoja amsindikize kwa afisa wa ustawi wa jamii.

Mikono. Akina mama wa usharika wamshikie mtoto, mwenzao apate kulima au kusoma.

Maswali ya kuzungumza:
1. Je, katika usharika wetu mwanamume huonywa sawasawa na mwanamke?
2. Ni watoto gani hawajabatizwa kwa sababu ya aibu ya mama zao?
3. Jumapili ijayo, ni nani atakayeketi karibu na mlango pamoja naye?