Namna ya Kutazama Filamu za Kutisha za Porini kwa Jicho la Haki

Filamu za kutisha za porini za Marekani zina mtindo unaojulikana: vijana wa mjini wanapotea njia, gari linaharibika, kisha wenyeji wa milimani wanaanza kuwawinda. Suala la uwakilishi likizuka, wengi huhesabu sura tu: Weusi wangapi, wanawake wangapi. Hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu mara nyingi anayedhulumiwa zaidi ni mwenyeji mwenyewe, maskini aliyegeuzwa zimwi.

Hatua ya 1: Chagua filamu mbili za nyakati tofauti. Wrong Turn ya 2003 na ile ya 2021 zinafaa sana, kwa kuwa jina ni moja lakini fikra ni tofauti.

Hatua ya 2: Jua kwanza nani anaishi katika milima inayoonyeshwa. Sehemu ya kusini ya Milima ya Appalachia ni nchi ya Wacherokee, ambao wengi wao walifukuzwa kwa nguvu mwaka 1838. Jamii yao ya Mashariki ipo North Carolina hadi leo. Migodi ya makaa ya mawe ya West Virginia iliwavuta Wamarekani Weusi kutoka kusini, pamoja na Waitalia na Wahungaria. Ukiona milima yenye Wazungu watupu, na wote wameharibika sura, ujue kuna watu waliofutwa.

Hatua ya 3: Uliza muuaji amepewa sababu gani. Hapa usiharakishe. Katika The Texas Chain Saw Massacre (1974), familia ya wauaji ilitegemea machinjio. Tunaambiwa kwamba nyundo ya kuulia ng'ombe iliachwa, ikaja bunduki ya hewa, na watu wakakosa kazi. Maneno hayo yanapita upesi, lakini ndiyo yanayowafanya wauaji wawe watu wenye historia. Deliverance (1972) inaonyesha bonde linalokaribia kuzamishwa na bwawa, hata makaburi yanahamishwa, ila kamera haiwaachi wanaume wanne wageni kutoka mji wa Atlanta. Kijana anayeonekana akipiga banjo katika filamu hiyo alikuwa mwenyeji asiyejua kuipiga; mikono tunayoiona ikicheza ni ya mwanamuziki aliyejificha nyuma yake. Kilichotakiwa kwake ni sura tu.

Wrong Turn ya 2003 inakwenda mbali zaidi: tangu mwanzo inadokeza kwamba uovu umetokana na ndugu kuzaana, na kasoro ya mwili inakuwa ushahidi wa roho mbaya. Hili ni kosa zito. Mtu mwenye ulemavu wa uso hupanda basi moja na watazamaji wa filamu hiyo, na wanamwangalia kwa macho waliyofundishwa na filamu.

Hatua ya 4: Mfuate mhusika Mweusi hadi dakika ya mwisho. Ben, aliyeigizwa na Duane Jones katika Night of the Living Dead (1968), anaokoka mikononi mwa wafu, kisha anapigwa risasi na kundi la wawindaji. Katika Get Out (2017), Jordan Peele alihamishia hatari kwa matajiri wastaarabu wenye jumba mashambani. Nayo Wrong Turn ya 2021 inampa Darius, kijana Mweusi, uamuzi wake mwenyewe: kubaki na watu wa mlimani.

Hatua ya 5: Sikiliza lafudhi. Ukitazama nakala iliyoingizwa sauti ya mfasiri, kama zile za vibanda vya video, tafuta pia ile ya asili. Lafudhi ya kusini mwa Marekani hutumika kumtia mtu hatiani kabla hajatenda lolote.

Hatua ya 6: Malizia na Tucker & Dale vs. Evil (2010). Marafiki wawili wa kijijini wamenunua kibanda cha mapumziko, na wanafunzi wa chuo wanawadhania wauaji. Baada yake irudie filamu yako ya kwanza, usimamishe pale vijana wanapokutana na mwenyeji kwa mara ya kwanza, kisha uandike aya moja: yeye anawaona wageni hawa vipi, na wamemjibuje salamu yake?