Tindikali Iliyo Huru na Tindikali ya Akiba

Maabara inaweza kutayarisha mimumunyo miwili ya ujazo sawa, mmoja wa tindikali ya siki, yaani asetiki, na mwingine wa tindikali ya haidrokloriki, kila mmoja ukiwa na moli 0.1 katika lita. Ukiipima pH, wa siki utasoma karibu 2.9 na wa haidrokloriki utasoma 1. Kisha idondoshee yote miwili sodiamu haidroksidi, tone baada ya tone, mpaka tindikali yote imalizike. Itahitaji kiasi kilekile. Kipimo cha kwanza kinasema mimumunyo hii inatofautiana zaidi ya mara 70, cha pili kinasema iko sawa. Vyote viwili vinasema kweli, na mwanafunzi akishaelewa kwa nini, ameielewa tindikali.

Tuanze na maji matupu. Molekuli ya maji ni atomi mbili za hidrojeni zilizoshikamana na moja ya oksijeni. Mara chache sana molekuli humwachia jirani yake hidrojeni moja, lakini elektroni ya hidrojeni hiyo hubaki nyuma. Hapo huzaliwa vitu viwili: ioni ya hidrojeni yenye chaji chanya, ambayo haikai peke yake bali hudandia molekuli nyingine ya maji, na ioni ya haidroksidi yenye chaji hasi. Punde zinakutana na kuungana tena. Wakati wowote ule, katika kila molekuli milioni 550 hivi za maji safi, ni moja tu iliyoachana namna hiyo. Kwa nyuzi joto 25 hiyo ni moli 0.0000001 ya ioni za hidrojeni katika lita moja, na haidroksidi ni kiasi hichohicho.

Tindikali ni kitu kinachoongeza ioni za hidrojeni majini, besi huzipunguza. Ukizidisha wingi wa ioni za hidrojeni kwa wingi wa haidroksidi, jibu halibadiliki maadamu joto halijabadilika, kwa hiyo moja ikipanda mara kumi, nyingine hushuka mara kumi.

Namba zenye sifuri nyingi hivyo zinachosha kuandika na ni rahisi kuzikosea. Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen, aliyekuwa akichunguza vimeng'enya katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipendekeza tuandike nafasi ya tarakimu tu. Katika 0.0000001, ile 1 iko nafasi ya saba baada ya nukta: pH ni 7. Katika 0.01 iko nafasi ya pili: pH ni 2. Ndiyo maana namba ndogo huonyesha tindikali kali zaidi, na ndiyo maana hatua moja si hatua ndogo. Kutoka 5 hadi 4 ni mara kumi. Kutoka 5 hadi 3 ni mara mia.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni rangi. Maji ya rozela ni mekundu; yakamulie ndimu, wekundu unang'aa zaidi; yatie magadi kidogo, yanageuka kuelekea kijani. Molekuli za rangi hiyo hubadili umbo zikipokea au kupoteza hidrojeni, na umbo jipya hunyonya mwanga tofauti. Litimasi hufanya kazi hivyohivyo. Lakini rangi hukadiria tu, tena katika kimiminika chenye rangi yake chenyewe haisaidii. Arnold Beckman, mkemia wa California, alitengeneza kipimo cha umeme mwaka 1934 kwa sababu viwanda vya malimau vilihitaji kujua uchachu wa maji ya matunda yao. Elektrodi yake ina kijitufe cha kioo chembamba sana: ioni za hidrojeni zikiwa nyingi zaidi upande mmoja, hutokea tofauti ya volteji, kama milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi 25. Badili joto na kiwango hicho hubadilika, kwa hiyo kifaa kisichosahihishwa kwanza kwa mimumunyo ya pH inayojulikana hakifai kuaminiwa.

Sasa turudi kwenye siki. Tindikali ya haidrokloriki huachia hidrojeni zake zote mara iingiapo majini. Asetiki katika mmumunyo ule huachia moja na ushei tu katika kila mia, nyingine zimeshikiliwa. Ni kama duka lenye bidhaa chache rafuni na shehena stoo: kila mteja akichukua, muuzaji hujazia. Elektrodi huona rafu. Besi unayodondosha huondoa hidrojeni zilizo huru, molekuli zilizobaki zinaachia nyingine, na hivyo mpaka stoo iishe. Hata ulimi huihisi akiba: kwa pH ileile, asetiki huwa chachu zaidi mdomoni kuliko haidrokloriki.

Jambo hili lina uzito mkubwa shambani. Katika sehemu za magharibi mwa Kenya udongo una tindikali. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi, na fosfeti hunaswa udongoni. Mkulima huambiwa atie chokaa. Kiasi gani? pH peke yake haiwezi kujibu. Udongo wa kichanga na wa mfinyanzi huweza kusoma 5.0 sawasawa, ila mfinyanzi na mboji vimeshikilia hidrojeni na alumini nyingi zaidi kwenye chembe zake, na udongo wa namna hiyo utahitaji chokaa nyingi zaidi kufika 6. Kwa hiyo maabara makini ya udongo hupima mara mbili: kwanza udongo ndani ya maji, kisha udongo ndani ya mmumunyo maalumu ambao pH yake hukataa kubadilika upesi. Jinsi udongo unavyoishusha pH ya mmumunyo huo ndivyo akiba inavyojulikana, na hapo ndipo tani za chokaa kwa hekta hukadiriwa.