Mzazi na Mtoto Aendaye Shule

(Soma Luka 2:41-52)

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya watoto wetu waendao shule.

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2016, shule za serikali hazitozi ada tangu darasa la kwanza hata kidato cha nne. Na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita viliongezwa. Twamshukuru Mungu kwa jambo hili. Lakini wako wazazi wasemao, "Mzigo umetutoka, sasa kazi ni ya walimu." Sivyo, ndugu. Ada iliondolewa, bali wajibu wa baba na mama haukuondolewa.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani kwamba wafungue shule za Kikristo, za wavulana na za wasichana pia. Walakini mwaka 1529, alipotoa Katekisimo Ndogo, hakuwaachia walimu kazi yote. Alimwagiza mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Naye mwenyewe, mwaka 1530, alipokuwa mbali katika ngome ya Coburg na kazi nyingi juu yake, alimwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, akimsifu kwa kujifunza na kusali, na kumsimulia habari ya bustani nzuri ya watoto. Basi tusiseme kwamba hatuna nafasi.

Sasa tuyatazame mambo matatu katika somo letu.

Kwanza, wazazi walimtafuta mtoto. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima, wakidhani ya kuwa Yesu yumo katika msafara. Sisi nasi ndivyo tufanyavyo. Asubuhi mtoto huvaa sare, hutoka pamoja na wenzake, nasi twadhani yumo msafarani. Kumbe aweza kupotea katika darasa lile lile aketimo kila siku, wala hakuna amtafutaye.

Sisi tuandikao haya tulikosa katika jambo hili. Mtoto wetu alipokuwa darasa la nne tuliambiwa kwamba hamalizi kazi zake. Tukamkemea, tukamwita mvivu, tukamkataza michezo. Miezi ikapita vivyo hivyo. Jioni moja tukaketi naye, tukafungua daftari zake. Tukaona ya kwamba maneno aliyonakili ubaoni yalikuwa nusu nusu, bali hesabu alizozitoa kitabuni zilikuwa sawasawa. Tulipomwuliza sababu, akajibu, "Baba, ubao una ukungu." Tukampeleka hospitali, akapimwa macho, akapewa miwani. Mtoto yule hakuwa mvivu, alikuwa haoni. Ilitupasa kumwomba msamaha, nasi tulimwomba. Tangu siku ile twajua ya kuwa kumwuliza mtoto hutangulia kumkemea, na kwamba mzazi aende kuonana na mwalimu kabla ya taarifa ya mwisho wa mwaka.

Pili, walimkuta kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mtoto aulizaye maswali hana utovu wa adabu. Tusimnyamazishe, hata kama jibu hatulijui. Wengine watasema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mwambie jioni, "Mwanangu, nifundishe mimi uliyofundishwa leo." Akikueleza, amejifunza mara ya pili, naye atafurahi kwa kuwa wamsikiliza. Katika darasa la kwanza na la pili umwambie akusomee kwa sauti kila siku, ingawa ni mistari michache. Maana asiyeshika kusoma mapema, masomo yote yajayo humwia mazito. Tena, aingiapo kidato cha kwanza, wengi hutoka katika masomo ya Kiswahili na kuingia katika masomo ya Kiingereza. Watoto wengi waliokuwa hodari hunyamaza hapo. Usidhani akili imewapungua. Watie moyo, wala usiwalinganishe na watoto wa jirani.

Tatu, Yesu alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii, akakua. Luka atuambia kwamba alikua katika hekima na katika kimo, akapata kibali kwa Mungu na kwa watu. Basi alama za mtihani si kipimo cha mtoto mzima. Mwili wake wataka chakula na usingizi. Mwenye njaa hasikii somo. Binti asiachiwe kuchota maji, kukoka moto na kuosha vyombo hata usiku, huku kaka yake ameketi penye taa na kitabu chake. Kazi za nyumbani ni njema zikigawanywa kwa haki. Na roho yake yataka sala nyumbani, wala si ile ya mafundisho ya kipaimara tu. Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wainjilisti wapendwa, mkikutana na wazazi katika mitaa yenu, zungumzeni nao maswali haya:

1. Juma hili, ni lini uliketi na mtoto wako na kufungua daftari lake?

2. Je, wamjua mwalimu wake kwa jina, na yeye akujua wewe?

3. Yuko mtoto gani karibu nawe asiye na baba wala mama wa kumwuliza habari za shule? Usharika wetu utamtafuta namna gani?

Mariamu na Yusufu walitafuta siku tatu, wakamwona. Bwana atupe nasi moyo wa kurudi njiani tumtafute mtoto wetu, kabla msafara haujakwenda mbali. Amina.