Amri Inavunjwa au Inakiukwa?



Likizo iliyopita nilikuwa Korogwe, pale sokoni Manundu. Mama mmoja alikuwa amepanga nyanya mafungu mafungu juu ya turubai. Kijana mwenye haraka zake akaona kuzunguka ni mbali, akainua mguu, huyo, akapita juu. Mama akamaka: "We baba! Mbona wanikiukia vitu vyangu?" Kijana akageuka: "Kwani nimekanyaga nini, mama?" Na kweli, hakuna hata nyanya moja iliyopondeka.

Nilicheka, ila neno la yule mama nikaondoka nalo. Sisi tuliokaa darasani tunajua "kukiuka" kwa makaratasi: kukiuka sheria, kukiuka mkataba. Kumbe maana yake ya kwanza ni ya mguu, kupita juu ya kitu bila kukigusa. Kilatini nacho kina transgredi, kuvuka kwenda ng'ambo. Mtakatifu Thoma wa Akwino (Summa Theologiae, II-II, swali la 79) anasema neno hilo limetoka kwenye mwendo wa mwili. Amri ya kukataza inaweka mpaka, na anayeuvuka ndiye mkiukaji. Aliyeacha tu kutenda jema aliloamriwa, kosa lake ni lingine, la kutotimiza wajibu. Nadhani ndiyo maana katika Nakuungamia tunatumia "kukosa", neno pana linalobeba yote mawili.

Ila sisi vijana tunapenda "kuvunja". Nimevunja amri ya sita. Si Kiswahili kibaya hata kidogo. Tunavunja ahadi, tunavunja mwiko. Shida yake ni kwamba kitu kikishavunjika tunakifagia. Rafiki yangu mmoja alikaa muda mrefu bila kuungama. Nilipomuuliza, akasema: "Frateri, nishaivunja. Chungu kikishavunjika, unakitunza cha nini?" Na kila wikiendi alikuwa anarudia lilelile, kwa sababu aliamini hakuna tena cha kulinda.

Nikamsimulia habari ya nyanya. Amri haijavunjika, ndugu yangu, ipo palepale, nzima. Wewe ndiye uko upande wa pili. Yule mwana wa Luka 15 alipozinduka, nyumba ya baba yake ilikuwa imesimama vilevile.

Akanidaka hapo hapo: "Basi kama haijavunjika, nimemuumiza nani?" Swali zuri, na ni lilelile la kijana wa sokoni. Mama hakulilia nyanya. Kilichomuuma ni kuonwa kama hayupo, mtu anapita juu ya riziki yake kana kwamba pale pana majani tu. Dhambi nyingi ziko hivyo, haziachi alama mezani, lakini mwenye meza amekuona.

Akaniambia, "Wewe na filosofia yako!" Ila kabla hatujaachana aliuliza Jumamosi padre anaanza saa ngapi kuungamisha.