SOMO LA MWEZI: MFALME MKUU, MFALME MDOGO NA MKIMBIZI

Tusome: Kutoka 20:1-6, Kumbukumbu la Torati 23:15-16.

Neno "agano" tunalisikia kila Jumapili. Katika somo hili tutazame agano moja la kale la wafalme, ili tuelewe vizuri zaidi yale tunayosoma katika Torati.

1. Agano la Hatti na Amurru

Katika nchi ambayo leo ni Uturuki palikuwa na ufalme wa Wahiti ulioitwa Hatti. Mji wake mkuu ulikuwa Hattusa. Tangu mwaka 1906 wachimbaji wamepata huko maelfu ya vibao vya udongo vyenye maandishi. Kati yake yako maagano ambayo Mfalme Mkuu alifanya na wafalme wadogo waliokuwa chini yake. Mojawapo ni la Mursili wa Pili na Tuppi-Teshub, mfalme wa Amurru, katika sehemu za Siria na Lebanoni ya leo. Lina umri wa miaka zaidi ya 3,300.

2. Agano lilisema nini?

(a) Fadhili. Mursili anajitaja jina, kisha anakumbusha: babu yako Aziru alimtii baba yangu, na wewe, ingawa ulikuwa mgonjwa, nilikuweka kwenye kiti cha baba yako.

(b) Masharti. Tuppi-Teshub atatoa shekeli 300 za dhahabu safi kama babu yake. Ataleta askari wakati wa vita. Hatageuza macho yake kuelekea Misri.

(c) Wakimbizi. Watu wa Nuhashe na Kinza waliotekwa na Wahiti wakitoroka na kuingia Amurru, awakamate na kuwarudisha. Hata kumwambia mkimbizi, "Pita, nenda zako, sitaki kukujua," kulihesabiwa kuwa kuvunja kiapo.

(d) Mashahidi. Miungu mingi inaitwa, pamoja na milima, mito, bahari, mbingu na nchi. Laana kwa avunjaye, yeye na mke na watoto na wajukuu. Ulinzi kwa ashikaye.

3. Tunajifunza nini?

Mwaka 1954 mtaalamu George Mendenhall alionyesha kwamba mpango huu unafanana na agano la Sinai. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani, lakini sisi wenyewe tunaweza kuona. Katika Kutoka 20 Mungu anajitaja, anakumbusha kwamba aliwatoa watu wake Misri, ndipo anatoa amri. Fadhili inatangulia, sheria inafuata.

Lakini kwa habari ya mkimbizi, njia zinaachana. Mursili anaamuru akamatwe. Torati inakataza kumrudisha mtumwa aliyemkimbia bwana wake: akae mahali atakapopachagua, wala asionewe.

Kwa nini tofauti hii? Tutazame mwanzo wa kila agano. Mursili anaanza na kiti cha mfalme, na mfalme alihitaji mateka walime mashamba na kujaza majeshi yake. Kwake mtoro ni mali iliyopotea. Agano la Sinai linaanza na nyumba ya utumwa. Wanaopewa amri ni watu waliotoroka Farao. Wangewezaje kumkamata mtoro mwingine?

Ndugu, sisi nasi tulivuka mpaka tukiwa na watoto mgongoni, na kuna waliotufungulia. Tusisahau mwanzo wetu. Akija mgeni mpya kwenye mtaa wetu, wa kabila letu au la lile tuliloliogopa, "pita, sitaki kukujua" lisiwe neno letu. Tuppi-Teshub alikatazwa neno hilo kwa sababu lilimwachia mkimbizi nafasi ya kupona. Sisi tunalikataa kwa sababu halimtoshi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini Mungu alikumbusha fadhili kabla ya kutoa amri?
2. Nani alitupokea siku ya kwanza, na alitufanyia nini?
3. Juma hili ni nani anahitaji mahali pa kulala karibu nasi?

Bwana atusaidie kulishika agano lake. Amina.